Bawa Jeupe Katika Banda la Majivu

Jalada lilikuwa na karatasi tatu tu, na wembamba huo ndio uliomtia shaka Inspekta Kipimo. Maneno yaliyokuwamo yalikuwa machache, yamenyooka kama mstari wa rula, na karibu yote yalikuwa yametoka kinywani mwa shahidi mmoja.

Jina la Kipimo alibandikwa na askari wenzake kwa sababu ya ile futi ya kitambaa, kama za mafundi cherehani, ambayo haikutoka mfukoni mwa shati lake hata siku za mapumziko. Alipima nyayo, madirisha, visu na vimo vya waongo. Wenzake walimcheka, yeye hakujali, aliendelea kupima.

Alisoma jalada mara ya pili. Mlalamikaji alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye shamba la kanga, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kengele. Mtuhumiwa alikuwa mwanamke aliyesimamia mashine ya kutotolea vifaranga shambani humo kwa miaka kumi na mmoja. Aliitwa Mama Pacha. Shahidi alikuwa msimamizi wa shamba, mpwa wa mlalamikaji, Bwana Miwani. Dai lilikuwa hili: mayai ya kanga majivu, aina adimu ambayo mzee aliitafuta kwa miaka mitatu, yaliwekwa mashineni thelathini, jana yake walianguliwa vifaranga ishirini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wa majivu. Kwa hiyo Mama Pacha aliyaiba mayai yenyewe na kuweka ya kanga wa kawaida mahali pake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasorobo ya asubuhi. Gari la mahakamani huondoka saa tisa alasiri. Mwendesha mashtaka alikuwa amekwisha kutuma mtu mara mbili kuliulizia jalada.

“Mleteni,” akasema Kipimo.

Mama Pacha aliletwa akiwa bado amevaa koti lake jeupe la kazini. Alikaa, akaviweka viganja vyake mezani, na kabla hajaulizwa lolote akauliza yeye.

“Afande, nani anageuza mayai?”

“Mayai gani?”

“Ya trei ya chini. Yapo sitini, yana siku kumi na moja. Lazima yageuzwe mara tatu kwa siku, kwa mkono. Yasipogeuzwa, mtoto anagandia kwenye ganda. Mimi niko hapa tangu jana saa kumi.”

“Mama, wewe umeshtakiwa kwa wizi.”

“Mimi nimesikia, afande. Mayai hayajasikia.”

Kipimo aliandika jambo hilo katika daftari lake, ingawa hakujua bado lina faida gani. Kisha akauliza kuhusu pacha, maana jina halikuja bure.

“Wana miaka sita. Wamelala kwa jirani, na jirani zamu yake ya kiwandani inaanza saa kumi jioni. Nikipandishwa lile gari la saa tisa, saa kumi watakuwa barazani peke yao.”

Alilisema hilo bila kulia. Kipimo alifungua ukurasa mpya.

“Shahidi anasema Jumanne moja alikuona ukitoka na kikapu kilichofunikwa. Anasema ndiyo siku uliyoyabadilisha mayai.”

“Kikapu kilikuwa na mayai manane matupu. Siku ya kumi tunayamulika mayai kwa taa, moja moja. Lenye mtoto unaona mishipa kama mizizi. Lisilo na mtoto linang’aa tupu. Matupu huondolewa, na mzee ameniruhusu niyachukue nikapikie nyumbani. Daftari lipo, liangalie.”

“Kwa hiyo Jumanne hiyo ilikuwa siku ya kumi tangu kuwekwa?”

“Ndiyo.”

“Na vifaranga ishirini na wawili walianguliwa lini?”

“Siku ya ishirini na nane. Wote, jana asubuhi. Kanga ni siku ishirini na nane, hana haraka kama kuku.”

Kipimo aliacha kuandika. Mayai mabichi yaliyowekwa siku ya kumi yangechelewa siku kumi. Yasingeanguliwa jana pamoja na mengine. Jumanne ya Bwana Miwani ilikuwa imepasuka katikati. Hata hivyo, hilo halikumtoa mama huyu kifungoni, kwa kuwa mayai yangeweza kubadilishwa siku ile ile ya kwanza.

“Kundi hilo lilikuwa la kwanza kutoka banda la majivu?”

“La tatu. La kwanza, mayai thelathini, yote matupu. La pili, matupu yote. Nikamwambia msimamizi. Akasema nisimsumbue mzee, dume bado mchanga, tungoje. Tukangoja mwezi mzima. La tatu ndilo likashika.”

“Mayai sitini matupu maana yake nini?”

“Ama dume hafanyi kazi, ama hakuna dume.”

“Dume yupo. Jalada linasema anaitwa Sultani.”

“Nasikia. Sijawahi kumwona kwa karibu. Sisi wa chumba cha mashine haturuhusiwi kukanyaga mabandani, tusije tukabeba magonjwa kwenye viatu. Mzee kwa hilo hana mchezo.”

“Dume na jike wa kanga unawatofautishaje? Wanavaa rangi moja.”

Kwa mara ya kwanza mwanamke yule alitabasamu. “Watu wa mjini wanatazama ile pembe ya kichwani. Inadanganya, afande. Tazama ndevu, vile vipande vya ngozi nyekundu chini ya mdomo. Vya dume ni vikubwa, vimekunjamana kama sikio. Vya jike ni vidogo, vimelala bapa. Na ukitaka kuapa mahakamani, sikiliza. Dume ana sauti moja tu, anairudia kama msumari unaogongwa. Jike anaijua hiyo, lakini ana nyingine ya vipande viwili, cha pili kimepanda juu. Dume hata umchinje hawezi kuitoa.”

Kipimo alisimama, akachukua kofia.

“Afande,” Mama Pacha akamwita, “trei ile nimechora kila yai kwa penseli, msalaba upande mmoja, duara upande wa pili. Atakayegeuza ahakikishe alama zote juu ni za aina moja. Nakuomba.”

Shamba lilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe, limezungushiwa wavu uliofungwa kwa ustadi wa mtu asiyependa mambo kombo. Mzee Kengele alimpokea langoni, amenyooka, shati limepigwa pasi mpaka mikononi. Nyuma yake alisimama mpwa wake, kijana wa miaka thelathini hivi, miwani yake ikimeta.

“Umechelewa kwa dakika nne, Bwana Inspekta,” akasema mzee.

“Njia ilikuwa na mashimo manne, mwalimu.”

Mzee alimtazama, akaona kwamba hakudharauliwa, akampisha. Wakaanzia chumba cha mashine. Kipimo alikagua daftari: mwandiko wa Mama Pacha ulikuwa mkubwa, haukufutwafutwa. Makundi mawili matupu yalikuwamo, kila moja na sahihi ya msimamizi pembeni.

“Mjomba, hilo la mayai matupu ni mambo ya kawaida,” Bwana Miwani akadakia kabla hajaulizwa. “Sikutaka kukupandisha presha.”

“Presha yangu ni mali yangu,” akajibu mzee. “Ungeniachia mwenyewe.”

Sakafuni palikuwa na maboksi mawili chini ya taa ya joto. La kwanza lilikuwa na vifaranga arobaini na mmoja wa kanga madoa, wale wa kawaida, walioanguliwa siku hiyo hiyo kutoka trei ya juu. La pili lilikuwa na wale ishirini na wawili wenye kesi. Kipimo alipiga magoti, akatwaa mmoja kutoka kila boksi, akawaweka mezani ubavu kwa ubavu.

“Mwalimu, nimeambiwa ulifundisha baiolojia.”

“Miaka thelathini na mmoja.”

“Basi nifundishe. Huyu wa boksi la kwanza yukoje?”

“Madoa safi. Kahawia, mistari imeanzia kichwani ikashuka mgongoni. Bawa lote kahawia. Akifika wiki ya nane ndipo atakapoanza kuota manyoya meusi yenye vitone vyeupe.”

“Na angekuwa wa majivu?”

“Angekuwa amepauka, kama vumbi. Mkubwa wake ni rangi ya majivu ya kuni yaliyopoa, vitone vile vile, lakini hafifu. Majivu kwa majivu huzaa majivu, bila ubishi. Ndiyo maana nilijua nimeibiwa. Hawa ni wa madoa.”

“Hebu mtazame vizuri huyu wa boksi la pili. Jana ulimwona kabla hajakauka.”

Mzee aliinama. Alimwinua kifaranga yule, akamfungua bawa kwa vidole viwili.

“Ncha ya bawa ni nyeupe,” akasema polepole. Akamgeuza. “Na kifua cheupe, kama amefungwa kitambaa cha kulia chakula.”

“Na huyu?” Kipimo akampa wa pili. Wa tatu. Wa kumi. Mzee aliwapitia wote ishirini na wawili, na wote walikuwa na ncha nyeupe na kifua cheupe. Akarudi boksi la kwanza, akapekua arobaini na mmoja; hakuna hata mmoja aliyekuwa nazo.

“Kwa hiyo mayai haya hayakutoka kwa kanga wako wa madoa,” Kipimo akasema.

“Hapana. Hawa baba yao ni mweupe. Kanga mweupe akichanganywa na rangi nyingine, watoto huvishwa hivi hivi: kifua na ncha za mabawa. Lakini mimi sifugi weupe! Kanga mweupe ni kuku aliyekosea njia. Nimewapiga marufuku humu.”

“Mama huyo atakuwa ameyanunua mayai kwingine,” akasema Bwana Miwani haraka. “Mayai ya kanga yote yanafanana, Inspekta. Kahawia, magumu, yenye vijidoa vidogo. Mtu hawezi kujua ndani kuna rangi gani.”

“Kweli kabisa,” Kipimo akakubali, akaandika. “Twendeni kwa Sultani.”

Banda la majivu lilikuwa na kufuli la shaba. Funguo zilikuwa mbili: moja shingoni mwa mzee, nyingine mfukoni mwa mpwa wake. Ndani walitembea kanga sita, rangi yao laini kama moshi wa asubuhi, na mmoja wao alikuwa na pembe kichwani ndefu kuliko wenzake.

“Huyo ndiye Sultani,” akasema mzee, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. “Mpwa wangu alimleta kutoka mbali. Tazama kichwa hicho!”

“Naomba ashikwe.”

Mzee mwenyewe alimshika, kwa mkono wa mtu anayejua. Kipimo alitoa futi yake, akapima ndevu za Sultani, kisha ndevu za wengine watatu. Zililingana, tofauti isizidi unene wa ukucha, na zote zilikuwa bapa.

“Ndevu za ndege mchanga,” akasema Bwana Miwani. “Bado zinakua.”

“Inawezekana,” Kipimo akajibu.

Aliwaomba wamwachie Sultani, watoke, wafunge. Kisha akaivua kofia yake na kuirusha ndani juu ya wavu. Kofia ilitua katikati ya banda. Kanga sita waliruka, wakajibanza pembeni, wakaanza kupiga kelele za kutoboa masikio. Kipimo aliwatazama midomo yao mmoja baada ya mwingine. Sultani alinyoosha shingo, akapiga sauti yake, na ilikuwa ya vipande viwili, cha pili kimepanda juu.

Akairudia. Akairudia tena.

Mzee Kengele aliusogelea wavu. Alijua. Tangu ndege hawa waletwe alikuwa akija banda hili asubuhi tu, kwa utulivu, na chakula mkononi. Ndege walioshiba hawapigi kelele za hofu. Hata hivyo alikuwa mwalimu, na alichokisikia alikitambua.

“Sultani,” akasema, “ni jike.”

“Mwalimu amepata alama zote,” Kipimo akasema. “Majike sita, hakuna dume. Mayai sitini matupu. Kisha mwezi wa kungoja, na ghafla mayai ishirini na mawili yana watoto wa baba mweupe. Mama Pacha haruhusiwi kuingia humu. Ni nani aliyemwingiza mweupe?”

“Hakuna mweupe aliyeingia,” Bwana Miwani akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Kipimo alikuwa amekwisha kurudi ndani kuchukua kofia. Aliinama kuiokota, akabaki ameinama. Chini ya birika la maji, palipokuwa na tope lililokauka, kitu chembamba kilikuwa kimenasa. Alikivuta kwa koleo ndogo. Ulikuwa unyoya wa bawa, mrefu, mweupe usio na kitone.

“Yangeyange,” Bwana Miwani akasema. “Wanatua juu ya wavu kila siku.”

Kipimo alilaza unyoya juu ya daftari, akaupima, kisha akamwonyesha mzee shina lake. Halikuwa limechomoka kama unyoya unaodondoka wenyewe. Lilikatwa, sawasawa, kwa mkasi.

“Yangeyange wa huku wanakwenda kinyozi?”

Mzee hakucheka. “Kanga mgeni hukatwa bawa moja asiruke,” akasema. “Humu ndani mkasi huo tunautumia watu wawili.” Alimtazama mpwa wake. Alitoa simu mfukoni, akaweka sauti ya wazi, akapiga.

“Leo umekumbuka kuwa una dada!” sauti ya mwanamke ikasema. “Nani amekufa?”

“Hajafa mtu, dada. Wale kanga wako weupe hawajambo?”

“Wananipigia kelele kama kawaida, nyoka hatii mguu. Ila lile dume langu mmenirudishia limekatwa bawa. Kijana wangu aliniambia unataka kulitazama, likakaa kwako wiki tatu! Mimi nikasema, ndugu yangu amepatwa na nini, weupe anawachukia tangu utoto. Sasa linazunguka kiwanjani kama lori lililokosa tairi.”

“Nitakueleza,” akasema mzee. “Samahani kwa bawa.”

Akakata simu. Bwana Miwani alikuwa ameegemea nguzo ya wavu.

“Simama wima unapoulizwa,” mzee akamwambia.

Kijana alisimama wima. Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ikiwa na ukungu ule ule.

“Mjomba, niliuziwa. Yule mtu aliniapia ni dume. Nilipomsikia analia vipande viwili, tayari ulikuwa umekwisha kumpa jina, umewaita na marafiki zako kumtazama. Ningekwambiaje? Nikaazima dume la mama, nikawa naliingiza ukishatoka asubuhi, jioni nalitoa. Nilijua mayai yatashika, basi. Sikujua kama rangi ingetokea. Nilidhani jike akiwa wa majivu, inatosha.”

“Nilikufundisha kidato cha pili,” akasema mzee. “Ulikaa dawati la dirishani.”

“Na Mama Pacha?” Kipimo akauliza.

Bwana Miwani akamgeukia. “Mjomba alikuwa anafoka. Aliniuliza ni nani amefanya hivi. Ilibidi nitaje mtu.”

“Una haki ya kunyamaza kuanzia sasa,” Kipimo akamwambia, “maana taarifa ya uongo uliyoitoa polisi ina sahihi yako na ina kifungu chake cha sheria.” Alitazama saa. Ilikuwa saa saba na robo. “Mwalimu, nahitaji maelezo yako mapya kwa maandishi. Huyu ni mtoto wa dada yako. Usitake kunieleza kwamba mambo haya yatamalizwa nyumbani.”

“Sikuwa na nia hiyo,” akasema mzee. Akaandika ukurasa mzima kwa kalamu ya wino, akatia nukta zote mahali pake. Alipomaliza alibaki ameishika kalamu. “Jana nilimwita mwizi mbele ya wafanyakazi wote. Miaka kumi na mmoja. Nimfanyie nini?”

Kipimo alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa asubuhi. “Kuna trei ya mayai sitini,” akasema.

Saa nane na dakika hamsini gari la mahakamani lilikuwa limewashwa uani. Bwana Miwani alikuwa kwenye benchi la mapokezi, akisubiri kuandikwa. Mwendesha mashtaka alitazama unyoya ndani ya bahasha na picha za vifaranga, akasoma ukurasa wa wino, akapiga mstari juu ya jina la Mama Pacha katika orodha yake, na gari likaondoka bila yeye.

Mama Pacha alirudishiwa mshipi wa koti, simu na kikapu chake. Alitia sahihi. Kipimo alimweleza yote, na aliposikia habari ya Sultani aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Kisha kicheko kilikatika.

“Kwa hiyo nani amegeuza mayai?”

“Mzee mwenyewe. Nilimsimamia mpaka mwisho, amekunja mikono ya shati. Amesema kesho asubuhi atakungoja langoni pamoja na wale wale waliosikia jana, na kwamba atasema mbele yao.”

“Hayo ya kesho.” Alikuwa amekwisha kufika mlangoni, jicho moja kwenye saa ya ukutani, pacha wakiwa na saa moja ya usalama mbele yao. Aligeuka. “Alipomaliza, alama iliyokaa juu ilikuwa ipi?”

Askari wa mapokezi aliinua kichwa. Inspekta Kipimo alifungua daftari, akafuata mistari kwa kidole mpaka chini.

“Duara,” akasoma. “Yote sitini. Nimehesabu.”

“Basi salama,” akasema Mama Pacha, akaenda kuwachukua watoto wake.